Kinyama cha Figo: Kichukuliwe au Kiachwe?

Hoja iliyo mezani ni hii: mgonjwa wa figo anayefika hospitali ya rufaa katika Afrika Mashariki achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha figo kinachotolewa kwa sindano (biopsi), kikapimwe kabla hajaandikiwa dawa nzito. Ukiisikia mara ya kwanza, huoni mtu wa kuipinga. Nani atakataa ugonjwa ujulikane kabla ya kutibiwa? Lakini iweke mbele ya wanaoishi nayo kila siku, yaani daktari wa figo, mwanapatholojia, daktari wa saratani za watoto, mganga mkuu wa wilaya na mama anayeuguza, na kikao kitagawanyika mahali ambapo hukutarajia. Makala haya yanawaketisha watano hao meza moja. Hawana majina kwa kuwa si watu fulani. Ni sauti za hoja zinazosikika katika korido za hospitali zetu. Ushahidi wanaouleta ni wa kweli na umechapishwa.

Mtoa hoja ni daktari wa figo, naye hapotezi muda. "Turudi Nairobi ya mwaka 1972," anasema. "Mwaka huo jarida la British Medical Journal lilichapisha kazi ya madaktari waliokuwa wakipokea watu wazima waliovimba uso na miguu, mkojo umejaa protini. Wangeweza kuandika 'figo' na kumpa kila mmoja dawa zilezile. Hawakufanya hivyo. Walichunguza wagonjwa 60 kwa makini, na zaidi ya nusu yao wakakutwa wanajipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Je, hao wangetibiwa kwa kubahatisha mpaka lini?"

"Dokta, hapo ngoja kwanza," mganga mkuu wa wilaya anaingilia. Huyu ni mtu wa bajeti finyu na gari la wagonjwa lisilo na mafuta, na anapinga kwa sababu ameona mengi. "Kilichowaokoa wale si sindano. Ni swali. Kuna mtu aliwauliza: unajipaka nini? Swali hilo halihitaji mashine. Nesi wangu wa zahanati anaweza kuliuliza kesho asubuhi kwa kila binti anayetumia mkorogo."

Jibu hilo ni zito, na wapenzi wa vipimo vikubwa hawalipendi. Ni kweli kwamba magonjwa mengi ya figo hufichuliwa na mazungumzo ya dakika kumi: dawa za maumivu zinazomezwa kila siku, mizizi iliyochemshwa, krimu isiyo na maandishi kwenye kopo. Mwanapatholojia halikatai. Analigeuza.

"Swali lenyewe huanzia wapi?" anauliza. "Jimboni Kerala, kusini mwa India, madaktari walikusanya wagonjwa 22 kati ya mwaka 2021 na 2023. Wote walikuwa na ugonjwa ambao kuta za vichujio vya figo hunenepa kwa kugandwa na kingamwili. Vinyama vyao vikatiwa rangi maalumu, na wagonjwa 15 wakaonekana na protini iitwayo NELL-1. Wakahojiwa: 13 kati ya hao 15 walikuwa wanatumia krimu za kujichubua. Kinyama ndicho kilichomrudisha daktari kitandani akaulize alichokuwa hajauliza. Mganga mkuu, nesi wako huuliza anachokijua. Sisi tunaoangalia nyama ndio tunaomwambia kuna jambo jipya la kuuliza."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona kinyama cha figo, inafaa kueleza wanaangalia nini. Figo moja ina vichujio takriban milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa midogo ya damu lisiloonekana kwa macho. Ukuta wake una unene wa chini ya nusu ya mikroni. Ukuta huo ukiharibika, protini huvuja, mkojo hutoa povu, na mwili hujaa maji. Kwa nje wagonjwa wote hufanana. Kwa ndani, huyu vichujio vyake vina makovu, yule kuta zimenenepa, mwingine ana mabaki ya lupasi, na wa nne ukimweka chini ya hadubini ya kawaida utasema ni mzima, kumbe uharibifu wake unaonekana kwa hadubini ya elektroni peke yake. Dawa inayomponya wa nne huweza kumwongezea mwingine kisukari na maambukizi bila kumsaidia lolote.

Uganda iliwahi kulijua hili kwa kina. Mwaka 1967 Kibukamusoke, Hutt na Wilks wa Kampala walichapisha kazi iliyohusisha ugonjwa wa figo wenye kuvuja protini na malaria ya kimelea kiitwacho Plasmodium malariae. Vinyama vilichukuliwa hospitali ya Mulago na kusomwa palepale, wakati hospitali nyingi za Ulaya nazo zilikuwa bado zinajifunza: biopsi ya figo kwa sindano ilikuwa imeelezwa na Iversen na Brun wa Copenhagen mwaka 1951 tu. Kwa miaka mingi baadaye vitabu viliendelea kumweleza mtoto wa Kiafrika aliyevimba kuwa ana figo ya malaria. Kisha mwaka 2006 ukachapishwa uchunguzi wa watoto wa Accra, Ghana, uliokosa ushahidi wa ugonjwa huo. Kilichotawala kwenye vinyama vyao kilikuwa makovu ya vichujio.

"Mnaona?" anasema daktari wa figo. "Ugonjwa ulibadilika na vitabu havikubadilika. Nani angejua bila kuangalia tena?"

Mama anayeuguza amekaa kimya muda wote huu. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, ameandikiwa kipimo hicho na kimeahirishwa mara mbili. "Wanangu, nawasikia," anasema. "Lakini hamjaniambia mnamfanyia nini mtoto wangu. Na kwetu tunajua uvimbe ukiguswa na chuma unachachamaa, unasambaa mwili mzima. Hilo mbona hamlisemi?"

Mwanapatholojia anasogeza kiti karibu naye. "Mama, binti yako hana uvimbe wa saratani, kwa hiyo hofu ya kusambaa kwake haipo. Atalala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Daktari ataitafuta figo kwa ultrasaundi, kwa kawaida ya kushoto, ncha yake ya chini. Atachoma ganzi. Atamwambia avute pumzi aishikilie, kisha atasikia mlio mkavu wa springi. Kinachotoka ni kama kipande cha tambi, urefu wa sentimita moja au mbili. Huchukuliwa viwili, mara nyingine vitatu. Halafu atalala chali kwa saa kadhaa, na kila akikojoa mkojo wake utawekwa kwenye chupa tuangalie rangi. Kwanza, kabla ya yote, lazima presha yake iwe imeshuka na damu yake iwe inaganda vizuri. Kama presha haijashuka, kuahirishwa mara mbili kulikuwa kumlinda."

Hatari ipo, na mama ana haki ya kuijua kwa namba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulijumlisha biopsi za figo zaidi ya 118,000 kutoka tafiti 87. Mkojo wenye damu inayoonekana ulitokea kwa asilimia 3.5 ya wagonjwa; asilimia 1.6 walihitaji kuongezewa damu. Waliofariki walikuwa asilimia 0.06, yaani 6 katika kila 10,000. Mganga mkuu anakumbusha kwamba nyingi ya namba hizo zinatoka kwenye hospitali zenye benki ya damu iliyojaa na daktari wa kuziba mshipa unaovuja usiku wa manane. Amesema kweli. Asilimia 1.6 ina maana moja pale damu inapopatikana ndani ya dakika 20, na maana nyingine pale ndugu wanapoombwa kutafuta wachangiaji.

Suala la chuma kusambaza uvimbe nalo si la kupuuzwa, na anayelitetea ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: daktari wa saratani za watoto. "Mama, usione haya," anasema. "Kwenye uvimbe wa figo wa mtoto mdogo, hofu yako imo kwenye miongozo yetu."

Anazungumzia uvimbe wa Wilms, uliopewa jina la daktari Mjerumani Max Wilms aliyeueleza kwa kina mwaka 1899. Huwapata zaidi watoto wa miaka mitatu, minne. Mzazi anamwogesha mtoto, mkono unakuta kitu kigumu ubavuni. Katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi hupona. Na hapo ndipo dunia iligawanyika kambi mbili, mgawanyiko ambao umedumu zaidi ya miaka 50. Wamarekani hutoa figo kwanza, wakasoma nyama, ndipo wakaamua dawa. Madaktari wa Ulaya walio katika chama cha kimataifa cha saratani za watoto, SIOP, ambao majaribio yao ya Wilms yalianza mwaka 1971, huanza na dawa: wiki nne za vinkristini na aktinomaisini, uvimbe unywee, ndipo wapasue. Tena katika umri na picha za kawaida huanza dawa bila kuchukua kinyama. Kwa upande wa Wamarekani, mtoto aliyechomwa sindano ya biopsi kabla ya upasuaji huhesabiwa moja kwa moja kuwa hatua ya tatu, na hatua hiyo humletea mionzi na dawa zaidi.

"Kwa hiyo mimi hoja yenu siiungi mkono ilivyoandikwa," daktari wa watoto anaendelea. "Watoto wanaotufikia wana uvimbe uliojaza nusu ya tumbo. Ukipasua siku hiyo, unaweza kupasukia ndani. Dawa kwanza ndiyo njia iliyofuatwa pia na mradi wa pamoja wa Wilms barani Afrika ulioanza mwaka 2014, ukihusisha Malawi, Ghana na Kameruni. Na si saratani tu. Mtoto wa miaka minne aliyevimba uso, mkojo una protini tele, presha ya kawaida, damu haipo kwenye mkojo: huyo hupewa prednisoloni bila sindano yoyote. Uchunguzi wa kimataifa wa magonjwa ya figo ya watoto ulionyesha miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kwamba wenye badiliko dogo la vichujio, ambao ndio wengi katika umri huo, zaidi ya asilimia 90 huitikia dawa hiyo. Mwitikio wa dawa ndio biopsi yao."

Mwanapatholojia anacheka kidogo. "Hujanifukuza kazi, daktari. Umenisogezea siku. Figo ya Wilms ikishatolewa huletwa kwangu, na mimi ndiye ninayetafuta seli zenye viini vikubwa vilivyovurugika ambazo Beckwith na Palmer walizieleza mwaka 1978, au mabaki ya seli changa zilizokaidi dawa. Nikiziona, mtoto huongezewa matibabu. Nikiwa sipo, au nikichelewa wiki tano, utaendelea na dawa gani?"

Swali hilo halijibiwi mara moja, na hapa simulizi la Mulago linaingia lenyewe, maana hakuna mahali duniani ambapo hadubini ilibadilisha tiba ya watoto wenye uvimbe kuliko Kampala.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alianza kuona watoto wenye uvimbe wa taya pande zote. Mwaka uliofuata aliandika makala ya kwanza, akauita sarkoma. Lakini watoto haohao walikuwa na uvimbe kwingine: ovari, ini, na figo zote mbili. Ungeweza kuziandika kama saratani nne tofauti. Wanapatholojia wa Mulago, akiwemo Gregory O'Conor aliyefanya kazi na Jack Davies, wakaangalia nyama na kuona seli zilezile kila mahali: duara, nyeusi, zilizobanana, zikitobolewa na seli kubwa nyeupe zinazosafisha mizoga ya wenzao. Ilikuwa limfoma moja. Maana yake tibani ni kubwa mno. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt iliyovimbisha figo hatolewi figo. Anapewa dawa, na uvimbe unaweza kunywea ndani ya siku chache.

"Na ndipo vinyama vikaanza kusafiri," mganga mkuu anasema. Anaijua sehemu iliyobaki: Desemba 1963 sampuli kutoka Kampala ilipandishwa ndege kwenda kwa Anthony Epstein mjini London, ukungu ukailazimisha ndege itue Manchester, na ilipomfikia maji ya chupa yalikuwa yamechafuka. Uchafu ule ulikuwa seli hai zikielea. Kutokana na sampuli za Uganda Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikuza seli, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi kinachobeba majina ya Epstein na Barr. "Kinyama kilitoka kwa mtoto wa huku, jina likabaki kwa watu wa kule. Miaka 60 imepita, na bado kinyama changu kinatoka wilayani, kinakwenda mkoani, kinakwenda mjini, pengine kinavuka bahari. Mgonjwa wangu anaishi kijiji kisicho na namba ya nyumba. Jibu likirudi nampelekea wapi?"

Hakuna anayemjibu haraka, na hapastahili jibu la haraka.

Daktari wa figo anajaribu kuupeleka mjadala kwenye jambo linalomkosesha usingizi. Ni uvimbe adimu, na una kila sababu ya kutuhusu. Mwaka 1995 Davis, Mostofi na Sesterhenn wa taasisi ya patholojia ya jeshi la Marekani mjini Washington walieleza saratani ya kiini cha ndani cha figo iliyowapata takriban watu weusi tu, vijana, wenye vinasaba vya selimundu upande mmoja. Si wagonjwa wa selimundu hasa. Ni wale wanaoambiwa wao ni wabebaji tu, hawana shida. Takriban wote walikuwa na umri wa miaka 11 hadi 39. Mara nyingi ilikuwa figo ya kulia. Walikuja na damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavu, na saratani iliyokwisha kusambaa. Baada ya upasuaji waliishi kwa wastani wa wiki 15.

"Sasa tazameni ramani," anasema. "Kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ukanda wa Ziwa Victoria, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji. Uganda nao wana wilaya za namna hiyo. Lakini wagonjwa wengi walioandikwa kwenye majarida ni Wamarekani. Ama vijana wetu wana kinga ambayo ndugu zao wa Marekani hawana, ama tunawazika na cheti kilichoandikwa 'saratani ya figo' na basi."

Mwanapatholojia anaeleza jinsi inavyotambuliwa, na mtu anayependa kazi yake husikika. Kinyama hukatwa vipande vya mikroni chache na kutiwa rangi ya kingamwili inayotafuta protini iitwayo INI1, zao la jeni SMARCB1. Seli za kawaida za mgonjwa, za mishipa ya damu na za kinga, viini vyake hugeuka kahawia. Seli za saratani hubaki na viini vya bluu iliyopauka, kwa kuwa protini imepotea. Slaidi moja, rangi moja, na jibu linaonekana kwa yeyote aliyefunzwa. Tofauti yake kwa mgonjwa ni kubwa: saratani hii haiitikii vyema dawa zinazotumika kwa saratani ya kawaida ya figo, huanzwa na dawa za jamii ya platinamu.

"Dokta," mganga mkuu anauliza taratibu, "hata akipata hizo dawa, anaishi muda gani?"

"Wengi, mwaka mmoja hivi. Wachache zaidi."

"Basi jina la ugonjwa linamsaidia nini?"

Anayejibu ni mama. "Mwanangu, hujauguza wewe. Nikiambiwa jina, nitajua nisiuze shamba kwenda kutafuta kisichopatikana. Nitajua nikae naye vipi hiyo miezi. Na wadogo zake nitajua kama niwapime."

Kwenye hilo la wadogo zake, namba ni ya kutuliza moyo, na ni kosa kubwa kuwatisha wabebaji. Makadirio yaliyopo ni kwamba saratani hii humpata mtu mmoja kati ya wabebaji 20,000 hadi 39,000. Mbebaji anaweza kukojoa damu kwa sababu nyepesi zaidi, na mara nyingi damu hiyo hutoka figo ya kushoto. Kinachotakiwa ni kimoja: kijana mbebaji anayekojoa damu asirudishwe nyumbani na dawa za kichocho au za njia ya mkojo bila kupigwa picha ya figo.

Baada ya hapo mjadala unarudi duniani, kwenye chupa. Mwanapatholojia anatoa malalamiko yake, nayo hayamhusu daktari wa watoto wala mganga mkuu bali wenzake wanaochukua vinyama. Haitoshi kukitumbukiza kinyama chote cha figo kwenye fomalini. Kipande kimoja huenda kwenye fomalini. Kingine hupelekwa kikiwa kibichi, au kwenye maji maalumu ya kusafirishia, ili kitiwe rangi zinazong'aa na kuonyesha kingamwili zilizoganda. Ugonjwa wa IgA, mmoja wa magonjwa yanayoongoza duniani kwa kuharibu vichujio, uligunduliwa mjini Paris mwaka 1968 na Jean Berger na Nicole Hinglais kwa rangi hizo. Kwa hadubini ya kawaida hauna alama yake peke yake. "Mgonjwa ameshachomwa, hatari yote ameshaibeba," anasema, "halafu naletewa chupa moja ya fomalini yenye kipande cha misuli ya mgongo na vichujio viwili. Nahitaji kama kumi. Hapo tumemwumiza mtu bure."

Mganga mkuu anaona upenyo. "Hiyo ndiyo hoja yangu tangu asubuhi. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hazina hata mwanapatholojia mmoja kwa kila watu 500,000, na wanaosoma figo ndani ya hao ni wachache sana. Mnataka tuchome kabla hatujawa na wa kusoma."

Takwimu zinamuunga mkono kuliko anavyojua. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitafuta ripoti zote za biopsi za magonjwa ya vichujio barani Afrika kuanzia 1980 hadi 2014. Zikapatikana biopsi 12,093 kutoka nchi 13. Hiyo ni kama biopsi 350 kwa mwaka zilizoripotiwa kwa bara zima. Kwa msingi mwembamba namna hiyo ndiyo tunasema tunayajua magonjwa ya figo ya Mwafrika.

Hata hivyo mganga mkuu naye anakosea mahali, na ni mahali muhimu. Anachukulia upungufu kuwa sababu ya kuacha, ilhali wapo waliouanza mnyororo wa kipimo hiki kutoka mwisho wake, yaani kwenye usomaji. Hospitali ya Butaro, milimani kaskazini mwa Rwanda, ilipofungua kituo chake cha saratani mwaka 2012, vinyama vyake vilisomwa kwa msaada wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, huku maabara ya hapohapo ikijengwa. Lilongwe, Malawi, wanapatholojia wa nchi hiyo na wenzao wa Marekani wamezoea kukaa kila wiki mbele ya slaidi zilizopigwa picha, wakabishana. Msomaji wa mbali anaweza kuwa Nairobi, Dar es Salaam au Muscat. Anayetakiwa kuwepo palepale ni fundi wa maabara anayejua kukata nta kwa mikroni mbili.

Wala hakuna tena anasa ya kusubiri. Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania Novemba 2017. Figo ya kupandikizwa ikianza kushindwa, daktari anahitaji kujua kama mwili unaikataa, au dawa zimeitia sumu, au kuna kirusi. Tiba ya la kwanza ni kuongeza dawa za kushusha kinga. Tiba ya la tatu ni kuzipunguza. Kipimo cha damu mara nyingi hakitenganishi. Kinyama hutenganisha, kwa vigezo vilivyoanza kuandikwa mjini Banff, Kanada, mwaka 1991. Kupandikiza bila msomaji wa nyama ni kumwekea mgonjwa figo ya ndugu yake kisha kumwachia bahati.

Daktari wa figo anataka kufunga kwa kishindo. Analeta uchunguzi wa New York wa mwaka 2013: wagonjwa wa kisukari 620 waliochukuliwa biopsi, na ni asilimia 37 tu waliokuwa na figo ya kisukari pekee, wengine wote walikuwa na ugonjwa mwingine wa figo, peke yake au pamoja na wa kisukari. "Wangapi kwetu wameandikiwa 'sukari imeua figo' na kupelekwa dayalisisi?"

"Usitupige changa la macho," daktari wa watoto anamkatiza. "Hao walichomwa kwa sababu madaktari wao walishatilia shaka. Mwenye kisukari cha miaka 15, macho yameharibika, protini imepanda polepole, hahitaji sindano yako. Na mtu mzima mwenye kingamwili ya PLA2R kwenye damu, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unaruhusu atibiwe ugonjwa wa kunenepa kwa kuta bila biopsi, kama figo yake bado inafanya kazi vizuri. Sayansi yenyewe inaanza kuiweka sindano chini pale inapoweza."

Daktari wa figo anakubali, na kwa kukubali huko hoja inaandikwa upya. Haisemi tena kila mgonjwa achukuliwe kinyama. Inasema mgonjwa asichomwe mpaka daktari aweze kutaja ni dawa gani itabadilika kwa jibu hilo, nani atakisoma, na jibu litarudi lini. Na kwamba palipo na majibu ya maswali hayo, kutomchoma ni kumnyima tiba. Kwa maandishi hayo mganga mkuu anaunga mkono, kwa sharti moja: fedha za kwanza ziende kwa fundi wa maabara na mwanapatholojia, sindano zifuate. Ndiye aliyeshinda mjadala huu. Serikali na hospitali zinazonunua mashine za dayalisisi kila mwaka bila kuajiri msomaji wa vinyama zinalipia mwisho wa ugonjwa ambao mwanzo wake haukuwahi kuangaliwa.

Nawe msomaji, kama wewe au ndugu yako mmewahi kuchukuliwa kinyama, cha figo au cha uvimbe wowote, rudini hospitali mkaombe nakala ya majibu. Angalieni kama imeandikwa namba ya sampuli, kwa kuwa kibonge cha nta chenye nyama hiyo huhifadhiwa kwa miaka na kinaweza kukatwa tena na kutiwa rangi mpya bila kumchoma mgonjwa mara ya pili. Iwekeni nakala hiyo pamoja na kadi ya kliniki, na mwonyesheni kila daktari mpya kabla hajaanza kuandika dawa.